Pendekezo la insha ndefu ya utafiti: usikabidhi kikaratasi cha kumfurahisha ticha

Wengi wetu tukiambiwa tulete pendekezo la insha ndefu tunadhani ni fomu tu, unajaza jina, mada, sentensi tatu za "nitachunguza kwa kina", unakabidhi unarudi zako kulala. Mi nilifanya hivyo hivyo. Mada yangu ilikuwa "Magonjwa ya mlipuko katika historia", ticha akasaini, nikafurahi, afu mwezi wa pili nikajikuta nina daftari limejaa notisi na sina hata kitu kimoja cha kusema. Pendekezo lilipita, lakini kazi yake halikuifanya, maana kazi yake ni kukuonyesha mapema, kabla hujapoteza wikiendi zako, kama hiyo insha inaandikika au haiandikiki.

Sasa kabla ya yote jua ukubwa wa mzigo. Tuchukue Extended Essay (ndo insha ndefu yenyewe) ya IB, ule mpango wa kimataifa wa masomo ya sekondari, kwa sababu inajulikana sana: mwisho maneno 4,000, unategemewa utumie kama saa 40, na unakaa na msimamizi mara tatu rasmi kuzungumzia ulivyofika, ile ya mwisho ndo wanaita viva voce. Kama shule yako ina mfumo mwingine soma maelekezo yao mwenyewe, usiulize jirani. Maneno 4,000 yanasikika mengi mpaka uanze kuyagawa. Toa utangulizi, toa hitimisho, toa maelezo ya mbinu, unabaki na kama 3,000, na hoja moja ikielezwa vizuri na ushahidi wake inakula 700 au 800 bila shida. Yaani una hoja nne tu, nne! Mimi na magonjwa yangu ya mlipuko ya historia nzima ya dunia nilikuwa nataka kumwaga bahari kwenye kikombe.

Haya, hapa ndo penye kazi kubwa kwa hiyo nitakaa kidogo. Mada sio swali. "Kipindupindu London" ni mada, inafaa kuwa jina la sura ya kitabu. Anza kuibana kwa mwaka na mtaa: mlipuko wa Soho, mwaka 1854, pale daktari John Snow alipoishuku pampu ya maji ya Broad Street na viongozi wa parokia wakakubali kuung'oa mpini wake, tarehe 8 Septemba. Safi, tumeshuka kutoka jiji zima mpaka kwenye pampu moja. Sasa tunga swali.

Jaribio la kwanza: "John Snow aligunduaje chanzo cha kipindupindu?" Hii ni hadithi, jibu lake lipo tayari kila mahali, wewe utabaki kusimulia tu. La pili: "Je, John Snow alikuwa daktari bora?" Bora kwa kipimo kipi, akishindanishwa na nani? Hapo utapiga porojo. La tatu: "Kuondolewa kwa mpini wa pampu ya Broad Street kulichangia kwa kiasi gani kumaliza mlipuko wa kipindupindu Soho mwaka 1854?" Hapa sasa pana ugomvi. Vifo vilikuwa vimeshaanza kushuka kabla ya hiyo tarehe 8, watu kibao walikuwa wameshaukimbia mtaa, na Snow mwenyewe alilikiri hilo kwenye kitabu chake cha 1855. Upande wa pili unaweza kusema kama maji yalikuwa bado na vimelea basi kufunga pampu kulizuia mlipuko kuwaka upya. Umeona tofauti? Swali la tatu linakulazimisha upime, sio usimulie.

Mtihani ninaoutumia ni huu, jibu swali lako kwa "ndiyo, sana" uandike sentensi mbili za kulitetea, kisha ujibu "hapana, kidogo tu" uandike nyingine mbili. Ukiona upande mmoja unakufanya uonekane mjinga basi hilo sio swali, jibu limeshajulikana, litupe mapema bila huruma.

Ukishapata swali usilipende bado. Tenga jioni moja tu utafute vyanzo vitano, na nikisema utafute namaanisha uvifungue uvisome kurasa mbili tatu, sio kunakili majina yake. Pembeni ya kila kimoja andika sentensi moja kitakufanyia kazi gani. Kwa mfano wetu: kitabu cha Snow cha 1855 kina jedwali la vifo siku kwa siku, hilo ndo uti wa mgongo. Uchunguzi wa mchungaji Henry Whitehead, aliyeanza kwa kumpinga Snow akaishia kukubaliana naye, unanipa shahidi ambaye hakuwa rafiki wa hoja. Na kadhalika. Chanzo ambacho huwezi kukiandikia sentensi hiyo ni pambo. Ukikosa vitano kwa jioni nzima, au vipo ila vyote vinarudia kitu kile kile, swali linakuambia kitu, lisikilize.

Wikipedia sio dhambi jamani, ingia nayo kama mlango, shuka chini kwenye marejeleo yake uende huko. Ila zile programu za akili bandia usiziombe orodha ya vitabu ukaibandika ilivyo, zinaweza kukutungia jina la kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, tena na mwandishi na mwaka wake, na msimamizi akikigusa hicho kimoja tu basi na vile vya kweli navyo vinatiliwa shaka.

Watu wa sayansi, nyie hesabuni saa. Tuseme unataka kupima hamira inatoa gesi kiasi gani kwenye joto tofauti. Viwango vitano vya joto, kila kimoja urudie mara tatu, hayo ni majaribio 15, kila moja dakika 40 na kuosha vyombo, unaongelea saa 10 za maabara na bado hujaharibu kitu, na utaharibu. Je, maabara utaipata saa zote hizo? Na kama utahoji watu au kuwapa dodoso, idhini yao inaombwa kabla, na iandike kwenye pendekezo kabisa.

Kuandika pendekezo lenyewe baada ya hapo ni rahisi, ukurasa mmoja au miwili inatosha. Swali juu kabisa, neno kwa neno. Chini yake paragrafu moja ya kwa nini linabishaniwa, na hapa usianze na "tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akiugua", ingia moja kwa moja kwenye ule ugomvi. Afu mbinu. Mbinu ndo watu wanapoanguka, unakuta mtu kaandika "nitatumia maktaba na intaneti". Ndugu yangu hiyo sio mbinu, hapo umetaja mahali pa kukaa. Andika kitendo: "Nitalinganisha idadi ya vifo kwa kila siku kabla na baada ya tarehe 8 Septemba, kisha nitaangalia kama kuhama kwa watu kunaweza kuelezea kushuka huko bila kuihusisha pampu." Mtu akisoma hiyo anakuona kabisa ukiwa mezani unafanya kazi. Malizia na vile vyanzo vitano na sentensi zake, hoja zako tatu au nne kwa mpangilio wa awali tu, unaoweza kubadilika, na ratiba.

Ratiba ihesabu kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kukabidhi, usianzie leo kwenda mbele, ukianzia leo utajiona una muda. Kwenye IB msimamizi anatoa maoni kwa drafti moja tu iliyokamilika, kwa hiyo tarehe ya drafti ndo dedilaini yako ya kweli, ile nyingine ni ya kusahihisha koma.

Ukienda kwa msimamizi usiende kumuuliza "mwalimu, mada nzuri ni ipi?", atakupa ya kwake na utaichoka baada ya wiki. Nenda na maswali mawili umeyaandika, useme hili nalipenda hili naliogopa, halafu umuombe aonyeshe litakapovunjika. Akilivunja palepale mshukuru, amekuokolea wiki kadhaa. Na swali likibadilika katikati baada ya kusoma zaidi sio kosa, mara nyingi ndo dalili kwamba umeanza kuelewa, we mwambie tu mapema, na lile la zamani liache kwenye daftari na tarehe yake, kwa sababu kwenye viva voce unaweza kuulizwa mawazo yako yalibadilika wapi na hapo utakuwa na pa kufungua ukamwonyesha.