Mtandao ukikata kwenye mafuriko: jinsi ya kutumia redio upepo hatua kwa hatua

Wadau wa mabondeni, na nyie wa Rufiji mliolala juu ya maji Aprili 2024, hii ni yenu kabisa. Mafuriko yakija umeme unakatika, mnara wa simu unabaki na betri ya akiba masaa machache halafu kimya, na hata ukiwa hai kila mtu anapiga kwa wakati mmoja laini hazipiti. Redio upepo, ile ya kubonyeza kitufe ndiyo uongee, haihitaji mnara, ya kwako inaongea na ya mwenzako moja kwa moja. Mimi ni wa kujitolea tu kwenye kamati ya maafa, kila masika nashika redio, na nachokiona ni kwamba redio zikishindwa kazi mara nyingi siyo kwamba ni mbovu, ni sisi hatukupangana mapema.

Hatua ya 1: leseni na fundi

Bongo masafa yanatolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Usinunue ukaanza kuongea tu, unaweza kuangukia masafa ya watu wa uokoaji ukawavuruga siku ileile wanayohitajika. Kamati iombe kwa pamoja, mkishapewa fundi aziprogramu redio zote zifanane, chaneli moja ya kuitana na nyingine ya maongezi marefu.

Mwambie awashe na TOT, yaani mtu akibonyeza kitufe cha kuongea zaidi ya sekunde 60 redio inajikata yenyewe. Tafadhali msiruke hapa. Kuna mwaka mwenzetu alikaa kwenye mtumbwi redio iko kiunoni, kitufe kikabanwa na ubao wa kukalia, tukawa tunasikia kasia, pumzi, kasia, pumzi, karibu dakika ishirini chaneli imezibwa na huku ng'ambo kuna mama mjamzito yuko juu ya bati ndugu zake wanatuita hatuwasikii. Tulimtoa salama alhamdulillah, ila zile dakika sijazisahau.

Hatua ya 2: antena na mahali pa kusimama

Usibonyeze kitufe kama antena haijafungwa, unaweza kuunguza redio. Ishike wima, siyo kuilaza kama simu. Mawimbi ya redio hizi yanaenda mnyoofu, kwa hiyo ile ya mkononi ya wati 5 ukiwa chini kati ya nyumba na miti utapata kilomita chache tu, ila ukipanda ghorofani au kilimani inafika mbali mno. Ndiyo maana mtu mmoja lazima akae juu, huyo ndiye kituo mama, anapokea kwa walio bondeni na kuwapasia wengine. Msimpe kazi nyingine yoyote.

Hatua ya 3: kuongea

Sikiliza kwanza kama chaneli iko wazi. Bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo ndiyo uongee, la sivyo neno la kwanza linamezwa. Mdomo uwe mbali kidogo na maiki, na usipige kelele hata kama umeogopa, sauti inapasuka hatuelewi kitu. Taja unayemwita kisha wewe, na ukimaliza sema "ova", yaani zamu yako kujibu:

"Kituo mama, kituo mama, hapa Mtumbwi 2, ova."
"Mtumbwi 2 nakusoma, leta, ova."
"Dharura. Watu sita juu ya paa, nyuma ya shule ya msingi, upande wa mwembe mkubwa. Watoto wawili, mmoja amevunjika mguu. Nahitaji boti na machela, ova."

Kituo mama anarudia yote kama alivyosikia na kuandika kwenye daftari pamoja na saa. Namba zitaje moja moja, kumi na sita kwenye mvua inaweza kusikika sita tu, sema "moja, sita". Na kubalianeni kuhusu saa! Sisi tunasema saa nane mchana, wageni wa uokoaji wanaandika 14:00, hapo mtu anaweza kusubiri boti masaa sita bure. Likisikika neno dharura wengine wote kimya mpaka kituo mama aseme endeleeni.

Hatua ya 4: chaji na maji

Kinachokula betri ni kuongea, kusikiliza kunakula kidogo. Aliye karibu aweke nguvu ndogo, na maafa yakiwa ya siku kadhaa washeni kila saa kamili kwa dakika kumi halafu zimeni, ila kituo mama hazimi kamwe. Redio itie kwenye mfuko wa nailoni uufunge vizuri, kitufe kinabonyezeka humohumo na mawimbi yanapita. Sola ndogo au betri ya pikipiki itawachajia, mradi adapta mmeshaijaribu kabla.

Hatua ya 5: mazoezi

Sisi ni kila Jumamosi saa kumi jioni, kituo mama anaita mmoja mmoja kwa orodha. Asiyejibu mara tatu tunamfuata nyumbani kwake jioni hiyohiyo, na mara nyingi tunakuta betri imekufa kabatini.