Namna ya Kutambua Chimbuko la Miamba ya Koti la Dunia Katika Ofioliti

Mtu anayejifunza jiolojia akiwa Mwanza amezoea majabali ya graniti yaliyopandana kando ya ziwa, kama lile la Bismarck. Miamba hiyo ina kwazi na felspa kwa wingi, ni sehemu ya ganda la bara la kale, na umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Ofioliti ni kitu kingine kabisa: ni kipande cha sakafu ya bahari, pamoja na sehemu ya koti la dunia (tabaka nene la miamba lililo chini ya ganda) iliyokuwa chini yake, ambacho mabamba ya dunia yaliposukumana kilipandishwa juu ya nchi kavu. Mifano inayojulikana sana ni Semail nchini Oman na Troodos nchini Cyprus. Karibu na kwetu, mabaki ya ofioliti iliyovunjikavunjika yanapatikana Sekerr, Pokot Magharibi, nchini Kenya.

Swali letu ni hili: koti lililo ndani ya ofioliti liliyeyuka chini ya tuta la katikati ya bahari, yaani safu ya milima ya chini ya bahari ambako mabamba huachana, au juu ya bamba linalozama chini ya jingine? Kabla ya kuanza, usichanganye njia mbili ambazo koti hutufikia. Mwadui, mkoani Shinyanga, kimbaliti, mwamba wa volkano unaoleta almasi, ilipanda kwa kasi kutoka chini sana ya bara, na miamba ya namna hiyo ndiyo hubeba vipande vya koti vyenye garneti, madini yenye alumini ambayo ndani ya koti huhitaji kina kirefu. Miamba ya ofioliti hutoka kina kifupi zaidi, na madini yake yenye alumini kwa kawaida ni spineli, punje ndogo nyeusi zenye pia kromi. Ukiona garneti kwenye sampuli unayoambiwa ni ya ofioliti, uliza maswali kabla ya kuipeleka maabara.

Uwandani, tafuta mwamba mzito wa kijani kibichi au mweusi, ambao mara nyingi uso wake umegeuka rangi ya kahawia kwa kuchakaa. Sumaku ikiuvuta, usishangae: maji yanapoigeuza olivini (madini ya kijani yaliyo mengi kwenye koti) kuwa sepentini (madini yenye maji ndani yake), magnetiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, huzaliwa. Ukikuta nyuzi nyeupe zinazong'aa, lowesha mwamba kwanza na uvae barakoa inayofaa, kwani huenda ni krisotili, aina ya asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Jambo hili lisichukuliwe kwa wepesi.

Kisha utaje mwamba kwa madini yake. Lezoliti ina klinopiroksini (piroksini yenye kalsiamu nyingi) zaidi ya asilimia 5. Hazibugiti ina chini ya hapo. Duniti ina olivini zaidi ya asilimia 90. Mpangilio huu unasimulia kuyeyuka: koti linapoyeyuka kidogo kidogo, klinopiroksini hutangulia kuisha, na magma inayoondoka huchukua kalsiamu na alumini. Koti ambalo halijayeyuka lina oksidi ya alumini kama asilimia 4.5, ilhali hazibugiti nyingi zina chini ya asilimia 1.5. Duniti ihesabiwe peke yake, kwa kuwa mara nyingi si baki la kuyeyuka bali ni njia ambamo magma ilipita ikiyeyusha ortopiroksini (piroksini yenye kalsiamu kidogo) na kuacha olivini. Anayetaka kujua koti liliyeyuka kiasi gani achukue hazibugiti iliyo mbali na duniti na mbali na kromiti, yaani mawe yenye kromi nyingi.

Majibu ya maabara yakifika, ondoa maji kwanza. Tuseme sampuli ilipoteza asilimia 12 ya uzito ilipochomwa, na oksidi ya magnesiamu ikasomeka asilimia 39.6, gawanya kwa 0.88, upate 45.0. Bila hatua hii unalinganisha kiasi cha sepentini, si cha kuyeyuka.

Shahidi ninayemwamini kuliko wote ni spineli, kwa sababu kiini chake huhimili maji yaliyoharibu olivini. Pima kiini, si ukingo, maana ukingo mara nyingi umejaa chuma kilichoongezeka baadaye. Hesabu inahusu idadi ya atomi, si uzito: oksidi ya kromi igawanywe kwa 76, oksidi ya alumini kwa 51, kisha tafuta sehemu ya kromi katika jumla ya hizo mbili. Spineli yenye asilimia 50 ya kwanza na 16 ya pili hutoa 0.658 na 0.314, yaani uwiano wa 0.68. Mabaki ya koti chini ya matuta ya katikati ya bahari kwa kawaida huwa kati ya 0.1 na 0.6. Uwiano unaozidi hapo huelekeza mahali ambapo bamba moja lilizama chini ya jingine, kwa kuwa maji kutoka bamba linalozama hushusha kiwango cha joto kinachohitajika, na koti huyeyuka zaidi.

Elementi adimu za lanthanidi (kundi la metali kuanzia lanthanamu iliyo nyepesi hadi lutetiamu iliyo nzito) zitumike kuthibitisha. Baki la kawaida la tuta la bahari lina upungufu mkubwa wa lanthanidi nyepesi; mchoro wenye umbo la bakuli, ambamo zile za kati ndizo chache zaidi, huonyesha kwamba vimiminika au magma vilipita baadaye. Nyepesi hizo zinaweza pia kuongezwa na maji yaliyoleta sepentini, hivyo zisipewe neno la mwisho.

Hutokea ofioliti moja ikatoa uwiano wa kromi wa 0.3 upande huu na 0.7 upande ule. Usitafute wastani. Koti moja linaweza kuyeyuka chini ya tuta, kisha likayeyuka tena juu ya bamba linalozama. Kwa hiyo rudi uwandani na ramani, uone kama namba kubwa zinakaribia duniti au mpasuko, au kama zimeenea eneo zima.