Kutunza bustani na ukoka wa nyumbani wakati wa kipupwe Njombe

Nimetoka kumsaidia dada mmoja aliyehamia Njombe kutoka Morogoro kuiandaa bustani yake kabla baridi haijakolea. Maswali yake ndiyo ninayoulizwa na karibu kila mgeni wa huku, kwa hiyo nayajibu yote hapa kwa mpangilio wa kazi zenyewe. Wa Makete na Mufindi mtayatumia kama yalivyo. Walio nyanda za juu za Kenya nao yatawafaa, ila kule barafu inayounguza chai ya Kericho hupiga zaidi Januari na Februari, wakati anga halina mawingu. Nitaeleza kwa nini huko mbele.

Njombe mjini ni karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua hukatika Mei na kurudi Novemba, na Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya baridi kali. Maana yake bustani inabanwa na mambo mawili kwa pamoja, baridi ya usiku na ukavu wa mchana.

Hatua ya 1: Acha mbolea ya kukuzia mapema

Kuanzia mwisho wa Aprili usiweke yurea wala CAN kwenye ukoka, maua au miti ya matunda. Majani machanga, laini, yaliyojaa maji ndiyo yanayoungua kwanza. Samadi iliyooza vizuri haina tatizo.

Hatua ya 2: Panga mboga kulingana na uvumilivu wake

Kabichi, sukuma wiki, karoti, vitunguu na spinachi huvumilia. Nyanya, hoho, maharage, maboga na viazi mviringo havivumilii. Hivyo vya pili viwe karibu na ukuta wa nyumba unaopigwa na jua la jioni, kwa sababu tofali hutunza joto na kulirudisha usiku.

Hatua ya 3: Ukoka

Kama bado hujapanda, panda nyasi za kikuyu. Wengi wanaotoka Dar es Salaam wanataka nyasi pana za Pemba kwa sababu ndizo walizozizoea, lakini hizo ni nyasi za joto na baridi ya huku zinaishi nayo kwa shida. Kikuyu majani yake yataungua na kuwa rangi ya kaki, ila mizizi na vikonyo vilivyo chini ya udongo vinabaki hai. Usiung'oe ukidhani umekufa.

Kuanzia Juni punguza kukata. Unapokata, acha urefu wa vidole vinne hivi. Mimi napendelea mashine ya kukatia majani yenye kisu kikali kuliko slesha, kwa kuwa slesha ikiwa mkononi mwa mtu mwenye haraka inakwangua hadi kwenye udongo, na udongo ulio wazi mwezi wa saba hauzibiki mpaka mvua. Mwagilia mara moja kwa wiki, kwa wingi, kati ya saa nne na saa sita mchana. Asubuhi ukiona nyasi zimekuwa nyeupe, mtu asizikanyage: watoto wazungukie njiani, mbwa afungwe. Jani lililoganda likikanyagwa linavunjika ndani, na baada ya siku chache utaona nyayo za kahawia zimechorwa kwenye ukoka.

Hatua ya 4: Kujikinga na barafu

Hapa soma polepole, maana ndipo watu wanapopoteza bustani huku wakiwa wamefanya kazi kubwa.

Mchana udongo unakusanya joto la jua. Usiku unaliachia lipande juu. Kukiwa na mawingu, sehemu kubwa ya joto hilo inarudishwa chini. Kukiwa na upepo, hewa inachanganyika na ubaridi hautulii. Usiku wa hatari ni ule wa nyota nyingi na utulivu kabisa, majani hayatikisiki. Ndiyo sababu Juni yenye ukungu mzito inaweza kupita bila madhara, na Kericho ikaungua Januari. Kipimajoto kilichotundikwa barazani kinaweza kusoma nyuzi 3 au 4 wakati huohuo majani yaliyo chini yameshafika sifuri. Kiweke usawa wa mboga, nje, mahali pa wazi.

Kazi inaanza mchana, siku moja kabla. Lowesha udongo, siyo majani, uingie maji vizuri. Udongo wenye unyevu unabeba joto zaidi kuliko udongo mkavu uliojaa hewa.

Halafu matandazo. Ninayapenda sana matandazo, na kwenye kahawa au migomba ya sehemu za joto nisingeyaondoa. Lakini nyasi kavu zilizolazwa nene chini ya nyanya zinazuia udongo usipate jua mchana na usitoe joto usiku, hivyo mmea uliosimama juu yake unapata baridi zaidi ya jirani yake aliye kwenye udongo mtupu. Kwa mimea dhaifu, sogeza matandazo pembeni Juni hadi Agosti. Kwa karoti na vitunguu yaache.

Sasa kufunika. Chomeka fito za mianzi zilizopindwa upinde juu ya tuta, mianzi huku haikosekani, kisha tandika kitambaa: shuka kuukuu, kitenge kilichochakaa, magunia ya katani yaliyoshonwa pamoja. Kifuniko kifike ardhini pande zote na kigandamizwe kwa mawe au udongo, kama unavyochomekea chandarua chini ya godoro. Ukikifunga shinani mwa mmea kama kilemba, umelifungia nje joto la udongo ulilokuwa unalihitaji.

Nailoni tupu siipendekezi. Joto la ardhi linaipenya kirahisi, na jani linaloigusa linaungua palepale. Kama huna kingine, iwe juu ya kitambaa, isiguse jani lolote.

Funika saa kumi na moja na nusu jioni, kabla udongo haujapoa. Anayefunika saa tatu usiku anafungia baridi ndani. Funua saa mbili au saa tatu asubuhi, barafu ikishayeyuka. Ukisahau mpaka mchana, mimea inapikwa na jua, na unyevu uliofungiwa unaleta ukungu wa majani.

Wapo wanaochoma majani mabichi ili moshi utande bustanini. Acheni. Moshi hauzuii joto kupanda, unawaumiza majirani vifua tu, na asubuhi unachelewesha jua. Wapo pia wanaoamka alfajiri kunyunyizia maji. Njia hiyo inafanya kazi iwapo maji yanamwagika mfululizo mpaka jua lipande na barafu yote iyeyuke. Kupitisha ndoo moja kisha kurudi kulala kunaongeza barafu juu ya barafu. Kwa maji yetu ya mgawo, mimi sifanyi.

Jambo la mwisho kwenye hatua hii ni mteremko. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka kufuata bonde. Kama nyumba yako ina uzio wa michongoma au ukuta upande wa chini, hewa hiyo inakwama hapo na kujaa. Toboa uzio chini, au kata michongoma kwa upana wa hatua mbili ipate kupita. Upande wa juu uache uzio uwe mnene, uigeuzie njia. Kwa yule dada tulikata mlango mdogo kwenye kona ya chini na kuziba upande wa juu kwa mabua ya mahindi. Kazi ya asubuhi moja.

Hatua ya 5: Matufaha, peasi na plamu

Hii ndiyo miti inayoifurahia baridi. Pogoa Julai au Agosti wakati haina majani, kwa mkasi mkali.

Hatua ya 6: Parachichi

Miche ya mwaka wa kwanza na wa pili ijengee kibanda cha nyasi, kilicho wazi upande wa jua la asubuhi.

Mti ukiungua, usikate kitu. Matawi yatakuwa meusi na majani yatakauka yakiwa yananing'inia, na mkono utakuwasha kushika panga. Subiri machipukizi yaonyeshe tawi limekufa hadi wapi; mara nyingi uhai unaanza chini kidogo kuliko ulivyodhani mwanzoni, au juu zaidi. Wakati unasubiri, paka shina na matawi makubwa chokaa iliyokorogwa na maji, kwa sababu gome lililopoteza kivuli cha majani linababuka na jua kali la Septemba na Oktoba. Mizizi endelea kuimwagilia kiasi, mti usio na majani hauhitaji maji mengi. Yurea iweke mvua za Novemba zikishashika, gramu chache kwa kila mche, mbali na shina.