Unataka kufanya kazi na wazee kama afisa ustawi wa jamii? Anzia hapa

Kwanza shule. Hapa Dar wengi wanaanzia Chuo cha Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, unaingia na setifiketi au diploma halafu unapanda digrii mdogo mdogo, na kama una kazi tayari Chuo Kikuu Huria nao wana digrii ya ustawi wa jamii. Kozi ni ya ustawi kwa ujumla, wazee utawachagua mwenyewe, kwa hiyo fildi (mafunzo kwa vitendo) ukipangiwa omba kwenda makazi ya wazee Nunge, Kigamboni, au ustawi wa jamii hospitalini.

Sera ya Taifa ya Wazee isome. Mzee ni miaka 60 na kuendelea, na asiye na uwezo anastahili matibabu bure, sasa wewe ndo unamfatilia mpaka kitambulisho kipatikane.

Ila kazi yenyewe ni kusikiliza bana. Mi fildi nilifika na fomu yangu nikaanza maswali, bibi akanikata: "Mjukuu wangu, hata shikamoo?" Nikaona aibu hiyo! Nikaweka fomu chini, nikamsalimia, nikakaa kwenye mkeka tukamenya mihogo, na ndo akasema dawa za presha anagawa nusu nusu zisiishe. Kwenye fomu hakuna swali la hivyo.

Ajira za serikali zinatoka Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, ushindani mkali, so huku unasubiri jitolee ofisi ya ustawi ya manispaa yako, wakujue.