Kuchora ramani ya mikoko ya Mombasa kwa picha za setelaiti

Anayetaka kupima mikoko ya hori la Tudor, Port Reitz au Mtwapa aanze na mwezi wa angani, ambao ndio unaoendesha kujaa na kupwa kwa maji, kompyuta baadaye. Picha iliyopigwa maji yakiwa yamejaa huificha mililana (mikoko inayoota upande wa bahari) ya mbele na miche yote iliyo chini, na programu huihesabu kuwa bahari. Ukija kuilinganisha na picha ya mwaka mwingine iliyopigwa maji yamekupwa, utaona hekta za mikoko ambazo hazikuota popote.

Pwani yetu ina bahati. Setelaiti za Sentinel-2, za Ulaya, ambazo picha zake ndizo tutakazotumia, hupita juu ya Mombasa kati ya saa nne u nusu na saa tano asubuhi, na siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya hapa hupwa kabisa mwendo wa saa hizo hizo. Siku za maji mafu huwa kinyume: saa nne maji yako juu. Kwa hiyo tafuta picha za tarehe 29 hadi 2, au 14 hadi 16, za mwezi wa Kiislamu, kisha hakikisha kimo kwenye jedwali la maji la Kilindini. Kiandike kimo hicho pamoja na tarehe kwenye jina la faili. Mawingu nayo yana msimu wake: Januari na Februari, kaskazi ikivuma, hupatikana picha safi, Aprili na Mei usijisumbue.

Picha ni za bure kwenye Copernicus Browser, tovuti ya picha hizo, ukishajiandikisha. Chukua za L2A, ambazo athari ya hewa imeshaondolewa, na kutoka humo bendi tatu, kila moja ikiwa picha ya aina moja ya mwanga: B4 (mwanga mwekundu) na B8 (infraredi ya karibu), zenye pikseli za mita 10, na B11 (infraredi ya mawimbi mafupi) yenye mita 20. Zifungue kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, kata eneo lako, ipeleke B11 kwenye mita 10, na uweke mradi kwenye mfumo wa majira wenye namba EPSG:32737, yaani UTM kanda ya 37 kusini.

Sasa panga rangi: B8 kwenye nyekundu, B11 kwenye kijani, B4 kwenye buluu. Mikoko hutoka rangi ya machungwa iliyokolea, ilhali minazi na miembe ya ng'ambo ya matope huelekea njano. Tofauti hiyo inaletwa na B11, kwa kuwa tope lililolowa na majani yaliyojaa maji hufyonza miale yake. Chora poligoni ya mpaka kwa jicho kwanza, ukifuata rangi hiyo. Hesabu ya NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea, ije baadaye, ndani ya mpaka tu, maana NDVI peke yake haitofautishi mchu, ambao ni aina ya mikoko, na mwembe. Fomula ni (B8 − B4) / (B8 + B4). Anza na kiwango cha 0.4, pikseli zilizo juu yake zihesabiwe mikoko, kisha panda au shuka mpaka mifereji ya maji itoke wazi.

Hapa ndipo wengi hukwama bila kujua. Tangu tarehe 25 Januari 2022, thamani za bendi huongezwa 1000. Tazama jina la faili: ukiona N0400, ambayo ni namba ya toleo la uchakataji, au namba kubwa zaidi, toa 1000 kwenye kila bendi kabla ya kukokotoa, isipokuwa programu yako imeshafanya hivyo. Chukua pikseli yenye B8 ya 3500 na B4 ya 1400. Usipotoa, NDVI ni 0.43; ukitoa, ni 0.72. Msitu ni ule ule, lakini kwenye grafu yako umenyauka.

Kosa la pili ni la ramani za zamani. Karatasi za 1:50,000 za Survey of Kenya zimejengwa juu ya Arc 1960, msingi wa zamani wa vipimo vya ramani, si WGS 84 unaotumiwa na GPS na picha za setelaiti. Ukiiskani karatasi na kuifunga kwa gridi yake, ipe EPSG:21037, QGIS iigeuze yenyewe. Ukiipa 32737, kila kitu kitasogea karibu mita 300, na kwenye hori jembamba umbali huo unatosha kuipeleka mikoko ng'ambo ya pili. Alama ya kutoa kwenye latitudo nayo isisahaulike: −4.05 ikiandikwa 4.05, Mikindani, mtaa wa Mombasa, inahamia kusini mwa Ethiopia.

Uwandani nenda na QField, programu ya ramani inayofungua kazi za QGIS, kwenye simu, ramani ikiwa imeshapakiwa, kwani mtandao ndani ya mikoko si wa kutegemea. Ingia maji yakiwa yanakupwa, utoke kabla hayajageuka. Chukua nukta katikati ya kichaka cha aina moja chenye upana wa mita 30 au zaidi. Chini ya majani GPS ya simu hupotea kwa mita 10 na zaidi, hivyo nukta ya ukingoni huangukia pikseli ya jirani. Subiri usomaji utulie, kisha andika aina: mkoko (Rhizophora mucronata), mchu (Avicennia marina), mlilana (Sonneratia alba), mkandaa (Ceriops tagal). Weka kando theluthi ya nukta, usizitumie kuchorea. Hizo ni za kukagulia.

Kwa eneo, pikseli 100 ni hekta moja. Kamba nyembamba za mikoko zisizofika mita 20, kama zile za kandokando ya mitaa, picha hizi haziziwezi: zizungukie kwa miguu au kwa mtumbwi, na uziongeze kwa mkono kama poligoni zilizopimwa uwandani.