Taa Juu ya Kiango: Jinsi ya Kumshirikisha Jirani Imani ya Kikristo

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, ile tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952 iliyozoeleka makanisani inasema kwamba watu hawawashi taa na kuiweka chini ya pishi, bali juu ya kiango, yaani kinara cha kuwekea taa. Kijana aliyezaliwa umeme ukiwa umeshafika kijijini huenda asijue pishi ni nini, na wahubiri wengi huipita aya hiyo bila kumweleza. Pishi ni kipimo cha nafaka chenye ujazo wa vibaba vinne, ambacho bibi zetu walikitumia kupimia mchele na mtama kabla ya mizani ya kilo kuenea. Mtu akikifunika kibatari kwa chombo kama hicho, nyumba huingia giza mara moja, na baada ya muda mfupi kibatari chenyewe huzimika kwa kukosa hewa. Kwa hiyo Mkristo anayeificha imani yake asidhani kwamba ameihifadhi mahali salama. Hata hivyo, aya hiyo ina upande wa pili ambao wenye bidii huusahau: taa huwekwa juu ya kiango ikawaangaza wote waliomo nyumbani, wala haisemwi kwamba mtu aishike mkononi na kummulika mwenzake machoni. Mwongozo huu ni kwa msharika wa kawaida, asiye mchungaji wala mwinjilisti, anayeishi mtaani pamoja na watu wa dini na madhehebu mbalimbali, na ambaye angependa kumshuhudia jirani yake bila kumficha Kristo na bila kumkera mtu.

Anza na madeni yako. Ninalisema hili mwanzoni kwa sababu ndilo linalorukwa, na kwa sababu sisi watu wa Afrika Mashariki tuna historia inayotufundisha. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi walikutana Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja, na katika miaka ya 1930 uamsho uliokuwa ukichipuka Gahini, nchini Rwanda, ulienea hadi Uganda, Bukoba na Kenya. Watu wa uamsho ule, ambao Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookolewa, walikuwa na msemo wa kutembea nuruni, walioutoa katika Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 1, aya ya 7. Kwao kutembea nuruni kulikuwa na maana ya wazi kabisa: mtu alirudisha alichoiba, akamwomba mke wake msamaha, akakiri mbele ya wenzake jambo alilokuwa akilificha, na hata wamisionari Wazungu walisimama wakaungama mbele ya Waafrika kiburi chao. Ushuhuda wa mdomo ulikuja pamoja na hayo, nao ulisikilizwa kwa sababu majirani walikuwa wameyaona. Miongoni mwa waliolelewa na uamsho huo alikuwa Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, tangu 1977 hadi 1984.

Basi kabla ya kupiga hodi kwa mtu, kaa chini ujiulize ni nani mtaani mwako ana neno nawe. Kama unadaiwa pesa ya mkaa, ilipe. Kama mpaka wa kiwanja umekuwa ugomvi, tafuta usuluhishi. Kama redio yako ya nyimbo za injili huwaamsha watoto wa jirani alfajiri, ipunguze sauti. Jirani anayekudai hausikii ushuhuda wako, kwa maana wakati wewe unazungumza yeye anapiga hesabu.

Hatua inayofuata ni kuuandaa ushuhuda wenyewe, na hapa ningekushauri utumie muda mwingi kuliko mahali pengine pote. Uandike kwenye karatasi, uusome kwa sauti, na uhakikishe hauzidi dakika tatu. Mfano bora ni yule kipofu wa sura ya 9 ya Injili ya Yohana, ambaye wakubwa wa dini walipombana kwa maswali mazito juu ya Yesu, alikiri kwamba mengine hayajui, ila anatambua neno moja, kwamba alikuwa kipofu na sasa anaona. Hakuwa amesoma chuo cha Biblia, wala hakujifanya amesoma. Ushuhuda wa kawaida una sehemu tatu, yaani hali niliyokuwa nayo, namna Kristo alivyonifikia, na hali niliyo nayo leo, na kosa kubwa la mikesha yetu ni kuirefusha ile ya kwanza: mtu anaeleza pombe, uganga na uzinzi wake kwa dakika ishirini, watu wanacheka na kushangaa, kisha Yesu anapewa sentensi mbili za mwisho huku kiongozi akitazama saa. Pindua uwiano huo. Vilevile usiungame dhambi za mwenzio ndani ya ushuhuda wako. Mume aliyekuacha ana masikio, na watoto wake wanasoma shule moja na wa jirani.

Wako pia wanaoona haya kwa sababu hawana kisa cha kusisimua. Walibatizwa wakiwa wachanga, wakapata kipaimara, wakaimba kwaya, na hawakuwahi kulala mtaroni. Mtu wa namna hiyo aseme yaliyo yake, kwa mfano hivi: “Mimi nilizaliwa katika nyumba ya Kikristo na kwa miaka mingi nilikwenda kanisani kwa mazoea. Mama alipougua, niliogopa sana, na usiku mmoja niliomba kama mtu anayezungumza na Mungu kwa mara ya kwanza. Mama hakupona, lakini sikuachwa peke yangu, na tangu hapo najua ninayemwomba ni nani.” Maneno hayo machache yana uzito kuliko kisa cha kuazima. Ukishaandika, pitia karatasi yako na kuondoa lugha ambayo ni sisi kwa sisi tu tunaielewa. “Nimeoshwa kwa damu”, “nimepokea upako” na “Bwana amenivusha” ni maneno yenye maana kwetu, lakini kwa asiyeyazoea ni fumbo, na pengine yanatisha. Sema kwamba umesamehewa, na useme ulisamehewa nini.

Kuhusu kumtembelea mtu, adabu ya kwetu ni nusu ya kazi. Piga hodi na usubiri, mwamkie mzee shikamoo kabla ya lolote, ukubali kiti na maji unayopewa. Usiende magharibi nyumba ikiwa inajiandaa kwa swala au kwa chakula, wala Ijumaa adhuhuri kwa jirani Mwislamu, na mwanamume asiingie peke yake nyumba ambayo baba hayupo. Mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana mwenye moto mwingi, niliwahi kumkuta mama mmoja anakaanga samaki nikaanza kumsomea Warumi akiwa bado ameshika mwiko. Samaki waliungua, na kwa heshima yake hakunifukuza, lakini tangu siku hiyo kila aliponiona nakuja alikumbuka kwamba ana safari ya sokoni.

Kitabu cha Matendo, sura ya 8, kinaonyesha utaratibu mzuri zaidi katika habari ya Filipo na yule towashi Mkushi aliyekuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu. Filipo alikaribia gari, akasikiliza mtu yule alikuwa akisoma nini, akauliza swali moja, “Je! Yamekuelea haya unayosoma?”, kisha akangoja hadi alipokaribishwa kupanda na kuketi. Alipoanza kufundisha, alianzia kwenye andiko lile lile lililokuwa mikononi mwa mwenzake. Fanya vivyo hivyo: sikiliza jirani anasumbuliwa na nini, uliza, ngoja ukaribishwe, kisha anzia pale alipo. Kama hofu yake ni ada ya mtoto, usianzie kwenye siku za mwisho. Na kama amefiwa, usihubiri juu ya marehemu amekwenda wapi. Teka maji, osha vyombo, toa mchango wako, keti na wafiwa, na uache swali lije lenyewe baada ya siku arobaini au baada ya mwaka.

Kwa jirani wa dini nyingine, kanuni iko katika Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, aya ya 15, inayotaka tuwe tayari siku zote kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, “lakini kwa upole na kwa hofu.” Mihadhara ya kushindana vitabu hadharani, upande mmoja ukisoma Kurani na mwingine Biblia kwa kutafutana makosa, imezoeleka sana miji ya pwani na bara, na kwa maoni yangu huwafurahisha zaidi wale ambao tayari wana upande. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inaifanya kazi ya kutangaza na kueneza dini kuwa huru, na papo hapo inaiita jambo la hiari ya mtu binafsi. Hiari hiyo ni yako na ni yake pia. Kwa sababu hiyo usimfundishe mtoto wa mtu imani yako kwa siri wakati wazazi hawajui, usiambatanishe unga au ada ya shule na ahadi ya kuhudhuria ibada, na usimwahidi mgonjwa kwamba akiokoka ataacha dawa. Mwombee kama ameruhusu, na umsindikize kliniki.

Ukiulizwa swali usilolijua, sema hulijui, nenda kwa mchungaji au katekista, kisha urudi na jibu. Kurudi huko kunajenga imani ya watu kuliko jibu lenyewe. Ukiambiwa hapana, shukuru, na kesho yake uamkie kama kawaida. Habari za kusambaza jumbe za simu zenye vitisho kwamba asiyetuma kwa watu kumi atakosa baraka, sina la kusema zaidi ya kukuomba uzifute.

Na jirani akisema angependa kujua zaidi, usikimbilie kumhesabu. Someni pamoja Injili ya Marko, iliyo fupi kuliko zote nne na yenye sura 16, sura moja kwa wiki. Kwa asiyezoea Kiswahili cha Biblia ya zamani, Biblia Habari Njema itamwia rahisi. Mwache aulize na abishe. Baadaye mwambie kama Filipo wa Bethsaida alivyomwambia Nathanaeli, “Njoo uone”, na siku hiyo mfuate nyumbani kwake badala ya kukutana naye mlangoni mwa kanisa. Keti naye benchi moja, mwonyeshe ukurasa wa kitabu cha nyimbo, mnong'oneze ni wakati gani wa kusimama, na umweleze mapema kwamba wageni huombwa kujitambulisha, ili kama hapendi mzungumze na mzee wa kanisa aachwe. Juu ya sadaka mwambie tangu nyumbani kwamba mgeni halazimiki kutoa, maana wapo waliokwisha kufika hadi mlangoni, wakaliona kapu, wakageuza kwa sababu mfukoni walikuwa na nauli tu.