Mpira wa maji si mpira wa gesi: jinsi ya kuufunga upya mtungi wako

Kazi nyingi ninazoitiwa Igogo na Mabatini, hapa Mwanza, si za majiko mabovu. Jiko zima, mtungi mzima, ila kilicho katikati ni cha kuungaunga: mpira wa kumwagilia maua, waya wa kufungia nondo badala ya klipu. Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Mpira wangu wa maji ulikakamaa ndani ya miezi michache, na siku nilipoukunja nifagie, ukapasuka. Gesi hunyonya ule ulaini wa plastiki. Bahati yangu moto ulikuwa umezimwa.

Tafuta bisibisi na sabuni, tuanze.

Hatua ya 1. Funga valvu ya mtungi. Zima kila kinachowaka, hata jiko la mkaa la kibarazani. Fungua madirisha. Najua upepo wa ziwa ukianza kuvuma mchana moto unayumba, ndiyo maana wengi huziba dirisha kwa boksi. Hamisha jiko, dirisha liache.

Hatua ya 2. Simamisha mtungi wima. Ukilazwa, gesi hutoka ikiwa maji maji badala ya mvuke, na moto unaruka. Gesi ikikaribia kuisha usiuchemshe mtungi wala kuutikisa ili ubanie chai moja zaidi.

Hatua ya 3. Angalia regyuleta, kile kichwa kinachokaa kwenye valvu kupunguza presha ya gesi. Ya nyumbani ni ya presha ndogo. Ile yenye kitasa cha kuongeza moto, ya mabanda ya chipsi, irudishe huko huko: presha ndani ya mtungi inaweza kuwa mara mia au zaidi ya ile inayohitajiwa na jiko la nyumbani. Kagua na ile oringi, pete ya mpira inayozuia gesi isivuje. Ikipasuka nunua nyingine, usizungushie uzi. Wenye mtungi mdogo wa kilo 6 unaowaka juu kwa juu hawana mpira wala regyuleta, ila wasibandike sufuria la makande ya watu kumi. Litaanguka na mtungi wake.

Hatua ya 4. Vaa mpira mpya ulioandikwa ubavuni kuwa ni wa gesi. Mita moja na nusu inatosha. Klipu moja kila ncha, kaza kwa bisibisi. Usiupitishe karibu na moto. Mimi hubadilisha kila baada ya miaka miwili, hata kama kwa macho bado mzima.

Hatua ya 5, na hapa usiwe na haraka. Jiko likiwa limezimwa, fungua valvu polepole, kisha paka povu zito la sabuni kwenye valvu, regyuleta, ncha zote mbili na mpira wenyewe. Subiri. Mapovu yakivimba, panavuja: funga, kaza, paka tena. Wapo wanaopima kwa kiberiti. Jibu wanalipata.

Usitegemee kwamba gesi itapaa itokee dirishani. Ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni kama maji. Kwenye nyumba zetu za kwenye mawe, inayovuja juu huteremka ngazi hadi kwa jirani wa chini, naye ndiye anayewasha mkaa. Chumba cha futi kumi kwa kumi kinahitaji kama kilo moja tu iliyosambaa ili kiweze kulipuka. Ikituama chini, hata pungufu ya hapo.

Ukisikia harufu usiku, usiwashe wala kuzima taa, maana swichi hutoa cheche. Funga valvu kama unaifikia, fungua milango, toa watoto, mwite jirani wa chini kwa mdomo. Simu ya zimamoto, 114, ipige ukiwa nje.

Mpira wa zamani ukate vipande vipande kabla ya kuutupa. Mwanza kitu kirefu hakilali jalalani.